Kiwanja cha Ibada Kuwa Makazi ya Kodi Nafuu: Mwongozo kwa Kamati za Dar es Salaam

Kabla kamati ya kanisa au ya msikiti haijamwita mchoraji wa ramani, itoe hati ya kiwanja kabatini na kusoma mambo matatu: jina la mmiliki, matumizi yaliyoidhinishwa na miaka iliyobaki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua kuwa ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hakimiliki hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Hamwezi kumpangisha mtu kwa miaka ambayo ninyi wenyewe hamnayo.

Jina ndilo linaloleta maumivu makubwa. Katika maeneo ya pembezoni kama Chanika, Mbagala au Goba, si ajabu kukuta kiwanja kilichonunuliwa kwa michango ya waumini, lakini mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ukawa na jina la mzee mmoja aliyeaminiwa na wote. Mzee akifariki, warithi hukuta karatasi yenye jina la baba yao, na hawana kosa kuuliza. Basi kazi ya kwanza ni kuhamishia umiliki kwa bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), mzee angali hai na ana nguvu za kutia saini. Ikiwa ardhi tayari iko chini ya wadhamini wa jimbo, dayosisi au baraza, basi parokia, usharika au msikiti wa mtaa hauna mamlaka ya kuingia mkataba peke yake, na ni heri kupata idhini ya maandishi mapema kuliko kuvunja msingi baadaye.

Ardhi ya wakf, yaani iliyotolewa na Mwislamu moja kwa moja kwa ajili ya ibada au hisani, ina sharti zito zaidi. Haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na nia ya aliyeiweka wakf ndiyo inayoongoza matumizi yake. Mahali palipowekwa kwa ajili ya kuswalia pasigeuzwe vyumba vya kupangisha. Lakini wakf uliowekwa ili mapato yake yahudumie msikiti, mayatima au maskini unaweza kujengewa nyumba, na hilo si jambo geni katika miji ya pwani yetu. Shauri la mashekhe wanaoijua fikihi (sheria ya Kiislamu) ya wakf litangulie la mhandisi.

Baada ya hapo nendeni halmashauri. Mwaka 2023 jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria inayoziwezesha taasisi za dini kujenga nyumba za bei nafuu kwenye ardhi yao bila mlolongo wa kubadili matumizi. Sisi hupitia maombi ya kubadili matumizi chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, kisha kibali cha ujenzi. Zungumzeni na majirani kabla tangazo halijawafikia. Kiwanja kikipakana na mto au bahari, kumbukeni mita 60 kutoka ukingoni ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda. Aliyeona bonde la Msimbazi likifurika hahitaji kuelezwa sababu.

Hesabu ya unafuu ianzie mfukoni mwa mpangaji. Tuchukue mfano wa muuguzi msaidizi au mama lishe anayebakiwa na shilingi 300,000 kwa mwezi: theluthi yake, tunayoichukua kuwa kodi anayoimudu, ni 100,000. Vyumba 20 kwa kodi hiyo vitaleta shilingi milioni 24 kwa mwaka. Jengo likigharimu milioni 240, litarudisha fedha kwa miaka 10 iwapo hakuna riba, hakuna chumba kitupu na hakuna bomba lililopasuka, jambo ambalo halitokei. Hesabu hii inaonyesha thamani ya kiwanja ambacho hakinunuliwi upya, na pia jinsi mkopo wenye riba kubwa unavyoweza kuusukuma mradi kwenye kodi ambayo walengwa hawaimudu. Jengeni kwa awamu, vyumba vichache vilivyokamilika, pamoja na karo la maji taka lenye ukubwa wa kutosha.

Mwekezaji akija na fedha zake, mpangisheni ardhi kwa miaka maalumu, naye ajenge, aendeshe, kisha arejeshe jengo likiwa linakalika. Hati isiwekwe rehani kwa mkopo wake, kwa kuwa akishindwa kulipa, benki itauza kiwanja cha waumini. Kiwango cha juu cha kodi na namna ya kukipandisha viandikwe ndani ya mkataba. Ahadi ya mdomo kwamba vyumba vitakuwa vya wanyonge haimfungi mtu.

Kodi ilipwe mwezi kwa mwezi. Desturi ya kudai miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo ndiyo inayowafungia mlango wengi wenye kipato cha kila siku. Vigezo vya kupata chumba vibandikwe ukutani, majina yapitishwe na kikao badala ya mtu mmoja, na sehemu ya kila kodi iingie akaunti ya ukarabati ambayo haiguswi kwa sherehe wala kwa ununuzi wa vipaza sauti.