Kizazi Kikishuka Ukiwa Bado Kijana: Anza na Misuli

Uzito ukeni unaozidi jioni, au uvimbe laini unaogusika ukichuchumaa chooni, si lazima uishie kwenye upasuaji. Pimwa kwanza; pale hospitali ya KCMC, Moshi, ipo idara ya magonjwa ya wanawake.

Kizazi kikiwa hakijatokeza nje, anza na mazoezi ya misuli inayokishikilia. Lala chali, kunja magoti. Bana kama unayezuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, vuta kwenda juu, hesabu hadi 5, achia kabisa, pumzika 5. Rudia mara 10, kutwa mara 3, kwa wiki 16. Wengi huharibu hapa: hubana makalio, au huzuia pumzi na kusukuma chini, na hilo huzidisha tatizo. Weka kiganja tumboni. Tumbo likitutumka, unasukuma.

Punguza pia kubeba vizito. Ndoo ya lita 20 chota nusu. Mkungu wa ndizi abebe mwingine, hata kama mama mkwe atanuna.

Mazoezi yasiposaidia, daktari hukupimia pete ya silikoni ya kuvaa ukeni ili ishikilie kizazi. Ikidondoka ukichuchumaa, ni ndogo. Ikiuma au mkojo ukigoma, huenda ni kubwa. Usiondoke kliniki kabla hujatembea na kukojoa ukiwa nayo. Upasuaji kwa kawaida husubiri umalize kuzaa, maana mimba nyingine inaweza kukishusha tena.