Jinsi ya kusoma kitenzi "improve" katika maandishi ya zamani ya Kiingereza

Ukiletewa hati, barua au mahubiri ya Kiingereza ya karne ya 17 au 18 uyafasiri, usiandike "boresha" kila unapokutana na improve. Utafanikiwa mara chache, na mara nyingine utamsingizia mwandishi jambo ambalo hakulisema. Mimi hufuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Tafuta mwaka na mahali

Fanya hivi kabla hujagusa sentensi yenyewe. Kitenzi hiki kilitoka katika Kifaransa kilichozungumzwa Uingereza baada ya uvamizi wa Wanormani. Huko kilikuwa emprouwer, na kiini chake ni prou, yaani faida. Kwa asili ni kitenzi cha mfuko: kukitia kitu faida, kukifanya kizalishe. Maana ya kufanya kitu kiwe kizuri zaidi ilianza kushika nguvu katika karne ya 17, na kwa muda mrefu maana zote mbili ziliishi nyumba moja.

Hatua ya 2: Uliza ni kitu gani kinachotendwa

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi, kwa sababu yambwa, yaani kitu kinachotendwa, ndiyo inayoamua karibu kila kitu.

Ikiwa ni ardhi, fikiria uzalishaji na umiliki kwa pamoja. John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza, katika maandishi yake ya siasa yaliyotoka mwishoni mwa 1689, anasema ardhi ambayo mtu anailima, anaipanda, ana-improve na anaweza kuyatumia mazao yake, hiyo ni mali yake. Tazama uzito wa hoja: anayeiendeleza ardhi anapata haki juu yake. Wenye mashamba makubwa waliipenda hoja ya namna hii. Huko Sutherland, kaskazini mwa Scotland, mwanzoni mwa karne ya 19 wapangaji waliondolewa mabondeni ili kondoo wapate malisho, na wenye ardhi wakaiita kazi hiyo improvement. Ukiandika "uboreshaji" bila kufikiri, umekwisha kuchukua upande wa mwenye kondoo.

Ikiwa ni wakati au nafasi, maana ni kuitumia vizuri, isipotee bure. Isaac Watts, katika shairi la watoto la 1715, anamsifu nyuki kwa ku-improve kila saa yenye jua. Nyuki haifanyi saa iwe nzuri zaidi. Anaitumia kukusanya asali. Mwaka 1865 Lewis Carroll alilifanyia shairi hilo dhihaka: nyuki akageuka mamba wa mto Nile, naye ana-improve mkia wake unaong'aa. Kwa mamba maana ni kuupendezesha mkia. Kitenzi ni kilekile, lakini ukitumia neno moja la Kiswahili kote kuwili, dhihaka yenyewe inakufa.

Ikiwa ni mtu au jengo, na hati imetoka New England, yaani kaskazini-mashariki mwa Marekani ya leo, tarajia maana ya "kutumika kama". Benjamin Franklin, mwanasiasa na mchapishaji wa Marekani, alilalamika juu ya matumizi hayo katika barua aliyomwandikia mtunzi wa kamusi Noah Webster mwezi Desemba 1789. Alikuwa ameona tanzia ya bwana mmoja wa shamba aliyekuwa "improved" kama hakimu wa amani kwa zaidi ya miaka 30. Franklin alicheka, lakini wenyeji walimaanisha tu kwamba bwana huyo aliitumikia kazi hiyo.

Hatua ya 3: Angalia kama si pacha wake

Kulikuwa na improve mwingine, asiye na undugu na huyu, aliyetoka katika Kilatini improbare: kukanusha, kulaumu. William Tyndale, aliyeifasiri Biblia kwa Kiingereza katika karne ya 16, alimtumia katika 2 Timotheo 4:2. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ikaweka reprove mahali pake, na Biblia yetu ya Union inasema "karipia". Pacha huyu amekwisha kufa, ila katika maandishi ya dini ya karne ya 16 bado utakutana naye.

Hatua ya 4: Jaribu kubadilisha

Weka "tumia kwa faida" mahali pa kitenzi. Sentensi ikikaa sawa na ni ya kabla ya 1800, huenda umepata jibu. Isipokaa, jaribu "boresha". Kumbuka pia kwamba Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, anatenganisha: kibaya hu-amend, kizuri hu-improve. Kwa hiyo "rekebisha" halifai hapa, ingawa wengi hulichagua.

Hatua ya 5: Chagua neno la Kiswahili

Kwa ardhi, "endeleza". Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 bado inazungumzia unexhausted improvements, yaani yale mtu aliyoyaongeza juu ya ardhi kwa fedha au jasho lake, kama majengo na mazao. Sisi tunayaita maendelezo, nayo huhesabiwa katika fidia. Kwa wakati, "tumia vizuri". Mgonjwa anapata nafuu, haboreshwi. Ukikuta improve upon, maana yake ni kuzidisha ubora juu ya kile alichofanya mwingine, hivyo "alimzidi mwalimu wake" linatosha.