Fimbo yako ni fimbo au ni panga? Namna ya kuanza arnis na kuchagua silaha ya mazoezi

Nilianza kujifunza arnis, sanaa ya mapigano ya Ufilipino, nikiwa Muscat, nyuma ya karakana tuliyokuwa tukifanyia kazi, kwa fundi wa viyoyozi mzaliwa wa Cebu, kisiwa cha huko Ufilipino. Sote tulimwita Manong, kama watu wa kwao wanavyomwita kaka mkubwa kwa heshima. Siku ya kwanza alinipa fimbo ya henzirani, akanipiga polepole kuelekea panja, nami nikaidaka fimbo yake kwa mkono wa kushoto. Nikajiona nimepatia. Akasimama, akaniuliza: "Dong (yaani kijana), hii ni fimbo au ni bolo?" Kisha akaivuta taratibu kutoka kiganjani mwangu, kidole kimoja baada ya kingine, nione ni vingapi vingeanguka chini.

Bolo ni panga la shamba la Ufilipino. Swali lile ndilo ninalowauliza wote wanaokuja kwangu leo, maana jibu lake linaamua unanunua nini, unashikaje, unasimama wapi na mkono wako mtupu unafanya kazi gani.

Hatua ya 1: Jua mtindo unaoufuata

Sanaa hii huitwa arnis, eskrima au kali, kutegemea unaongea na nani. Kisheria, Ufilipino iliitangaza arnis kuwa sanaa ya mapigano na mchezo wa taifa kwa Sheria ya Jamhuri namba 9850 ya mwaka 2009. Lakini ndani ya jina hilo moja mna mitindo mingi, na haifundishi kwa njia moja.

Cebu peke yake inatosha kukuonyesha. Doce Pares ilianzishwa huko mwaka 1932 na watu wa koo za Cañete na Saavedra, nayo hufundisha silaha nyingi na umbali wote. Venancio Bacon alitoka Doce Pares, na mwaka 1952 akaanzisha Balintawak, iliyochukua jina la mtaa walipokuwa wakifanyia mazoezi. Balintawak ni fimbo moja, karibu karibu, mkono mtupu ukishika, ukisukuma na kuzuia muda wote. Ufundishaji wake huitwa agak, yaani kuongoza: mwalimu anakupigia bila kukwambia pigo linatoka wapi, wewe unazuia na kurudisha, naye anapandisha kasi kadiri unavyoweza. Uzuri wake ni kwamba unazoea kushtukizwa mapema. Ubaya wake ni kwamba bila mwalimu mzuri hakuna agak. Wanafunzi wawili wapya wakijaribu, wanaishia kupigana ovyo.

Modern Arnis ya Remy Presas ilizaliwa kutokana na tatizo jingine. Njia ya zamani ilikuwa kupiga mkono wa mwenzako ulioshika silaha, na vijana walikuwa wakikimbia mazoezi kwa maumivu. Presas akaelekeza mazoezi yagongane fimbo kwa fimbo, na mkono upigwe pale tu panapohitajika. Kwa njia hiyo arnis ikaingia kwenye mafunzo ya viungo mashuleni.

Upande wa pili kuna Kalis Ilustrisimo, mtindo wa Antonio Ilustrisimo aliyezaliwa kisiwa cha Bantayan. Huko silaha inayofikiriwa ni upanga tangu siku ya kwanza, na fimbo ni badala yake tu.

Ushauri wangu: kama kuna mwalimu wa kweli karibu nawe, fuata mtindo wake, uwe wowote. Kama mko wawili tu na hamu yenu, anzeni na mazoezi ya aina ya Modern Arnis, kwa sababu yanasamehe makosa.

Hatua ya 2: Chagua fimbo

Nunua henzirani. Walioonja bakora ya chuoni wanaijua. Wengine huidhani ni mwanzi, lakini mwanzi una uwazi ndani na ukipasuka hutoa vipande vikali kama visu. Henzirani imejaa mpaka katikati. Ikichoka hulegea na kuchanuka nyuzi, kwa hiyo unaiona inakufa kabla haijamuumiza mtu. Mkigongana kwa kasi utasikia harufu ya kuungua ikitoka kwenye fimbo. Usiogope, ndiyo harufu ya mazoezi yenyewe.

Urefu wa kawaida ni sentimita 71, unene kama sentimita 2.5. Serrada, mtindo ambao Angel Cabales aliufundisha Stockton, California, hutumia fimbo fupi zaidi, kama sentimita 61, kwa sababu kazi yake ni ya karibu. Kipimo cha haraka: simamisha fimbo kwenye kwapa na unyooshe mkono, ikifika kiganjani au ikapita kidogo, inakufaa.

Angalia vifundo vyake. Fimbo yenye pingili fupi, vifundo vikikaribiana, hudumu zaidi. Igonge sakafuni: sauti kavu ni nzuri, sauti butu maana yake imekauka vibaya ndani.

Kuna fimbo za kamagong, mti mweusi mzito wa Ufilipino unaozaa tunda la mabolo, na za bahi, mbao ngumu ya mti wa jamii ya mnazi. Ni nzuri kwa kuimarisha mkono ukiwa peke yako. Usizigonganishe na mwenzako. Henzirani ikikupata kwenye kiwiko utavimba. Kamagong itavunja mfupa.

Hatua ya 3: Ishike kama kitu chenye makali

Acha upana wa vidole vinne chini ya mkono. Kitako hicho huitwa punyo, na kwa karibu sana ni silaha ya pili: kinagonga, kinanasa kifundo cha mkono, kinavuta. Dole gumba likunje juu ya kidole cha shahada, lisinyooshwe juu ya fimbo.

Sasa chukua utepe mwekundu, uubandike mstari mmoja kwa urefu wa fimbo, sambamba na viungo vya kati vya vidole vyako. Hayo ndiyo makali. Piga mto au tairi kuukuu mara 50, polepole, ukiangalia ni upande gani unatua. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa nikitua na ubavu karibu kila mara nikipiga kwa mgongo wa mkono, na nilikuwa nimeshika panga tangu utotoni. Kufyeka nyasi na kubadili mwelekeo hewani ni mambo mawili.

Hatua ya 4: Pembe 12

Kila mtindo una hesabu yake ya pembe ambazo pigo hujia. Hii ni ya Modern Arnis, na nimeieleza kwa mwili wa mpinzani:

1. Panja la kushoto
2. Panja la kulia
3. Kiwiko au ubavu wa kushoto
4. Kiwiko au ubavu wa kulia
5. Kuchoma tumbo
6. Kuchoma kifua kushoto
7. Kuchoma kifua kulia
8. Goti la kulia
9. Goti la kushoto
10. Kuchoma jicho la kushoto
11. Kuchoma jicho la kulia
12. Utosi

Jifunze tano za kwanza mwezi mzima kabla ya kwenda mbele. Namba si jina la pigo, ni jina la njia. Kisu, bolo, fimbo au ngumi vikija kwa njia ya 1, mwili wako unajibu kwa hatua ileile. Ndiyo maana Wafilipino huanza na silaha na kumalizia na mikono mitupu.

Hatua ya 5: Umbali, na mkono ulio hai

Umbali una majina ya Kihispania: largo, ambapo unaufikia mkono wake tu, medio, ambapo fimbo inafika kichwani, corto, ambapo mkono wako mtupu unamgusa.

Simameni largo. Mwenzako apige namba 1 polepole. Usizuie, toka kwenye njia ya pigo na uguse mkono wake ulioshika silaha. Hili huitwa kumng'oa nyoka meno, na ndilo moyo wa sanaa nzima. Vaeni glavu nene, na miwani ya kinga kila mara, hata mkienda taratibu.

Halafu medio. Zuia, na papo hapo kiganja chako kitupu kiuzuie mkono wake, juu kidogo ya kifundo. Mkono huo huitwa bantay-kamay, mkono mlinzi. Hapa swali la Manong linarudi. Mkisema ni fimbo, una ruhusa ya kuishika na kuipokonya. Mkisema ni bolo, unashika mkono, hushiki silaha, hata kwa bahati mbaya. Semeni kwa sauti kabla ya kila raundi. Anayesahau, raundi imekwisha.

Hatua ya 6: Sinawali

Jina linatokana na sawali, kuta za mianzi iliyosukwa, na aliyewahi kuangalia ukili ukisukwa atauona mfumo mara moja. Fimbo ya kulia begani kulia, ya kushoto chini ya kwapa la kulia. Piga juu kwa kulia, kiganja mbele. Piga kwa kushoto, mgongo wa mkono. Piga tena kwa kulia, mgongo wa mkono, kisha iingie chini ya kwapa la kushoto. Rudia upande wa pili. Hesabu sita, zote usawa wa kichwa.

Inavutia macho, na watu wengi hukwama hapa miaka. Dakika 10 kwa siku zinatosha. Kazi yake ni kuuamsha mkono wa kushoto ili hatua inayofuata iwezekane.

Hatua ya 7: Espada y daga (upanga na kisu), ndipo chuma

Weka kisu cha mbao mkono wa kushoto badala ya fimbo ya pili. Silaha ndefu inafungua mlango, fupi inaingia. Kosa la kila mtu ni kukinyoosha kisu mbele, mahali ambapo fimbo ndefu inakipata. Kiweke karibu na kifua.

Baada ya hapo chagua umbo la bapa. Pinuti ya Cebu ni nyembamba na nyepesi, inafaa kukata na kutoka. Ginunting ina ncha iliyoinama chini, kwa hiyo pembe ya kuchoma inabadilika. Barong ya Watausug wa Sulu ni fupi, pana kama jani, na uzito wake unataka mpige karibu. Nunua za aluminiamu zisizo na makali, au chonga za mbao. Panga halisi, hata butu, lisiingie kwenye mazoezi ya watu wawili.

Hatua ya 8: Kupambana

Fimbo yenye sponji, kofia yenye wavu wa chuma, glavu, kinga za viwiko na magoti. Raundi ya dakika moja, mtu wa tatu akiangalia. Kabla ya kila raundi, pitisha kidole kwenye kila fimbo tangu punyo mpaka ncha. Ukihisi ufa au nyuzi zimesimama, ifunge utepe na uipeleke kwenye mazoezi ya kupiga tairi.