Nikon D90 au Sony RX100 kwa kazi ya kupamba: zipime mwenyewe kabla ya kununua

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Mombasa, upande wa wanawake. Kazi yangu kubwa ni usiku wa kupamba: bi harusi ameketi jukwaani, mikono na miguu imejaa hina na piko, wanawake wamevua mabuibui, na mlangoni amekaa dada mmoja na kapu, anakusanya simu. Kamera inayoingia humo ni ya mpiga picha peke yake, na mpiga picha lazima awe mwanamke. Ndiyo maana wasichana wengi wanataka kuingia katika kazi hii. Wa karibuni ni binti wa kaka yangu. "Shangazi," aliniuliza, "nimeona D90 na lenzi yake, na RX100 ndogo ya mfukoni. Zote zimetumika, bei karibu sawa. Nichukue ipi?"

Ninazo zote mbili, kwa hivyo nilimwambia aje nyumbani tushinde nazo siku nzima. Naandika hapa tulivyofanya, ili na wewe ukiazima kamera mbili zozote, moja kubwa ya zamani ya DSLR (yenye kioo ndani na lenzi inayobadilishwa) na moja ndogo, ujue pa kuanzia.

Kwanza usizipime kwa megapikseli. D90 ilitoka 2008 na ina megapikseli 12.3. RX100 ya kwanza ilitoka 2012 na ina 20.2. Muuzaji atakwambia ya pili ni bora kwa sababu hiyo tu. Picha ya D90 ina upana wa pikseli 4288. Ukiichapisha kwa pikseli 300 kila inchi, unapata inchi 14. Kurasa za albamu ninazouza ni inchi 12 kwa 8. Zote mbili zinatosha na kubaki, kwa hivyo jambo hilo tuliliweka kando.

Kinachostahili muda wako ni mwanga, maana kumbi zetu za usiku ni giza lenye taa za rangi. Sensa ya D90, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, ni milimita 23.6 kwa 15.8. Ya RX100 ni 13.2 kwa 8.8. Zidisha utaona ile kubwa ina eneo mara tatu na kitu ya ile ndogo. Wengi hukomea hapo, wakasema DSLR imeshinda. Lakini mwanga haufiki kwenye sensa bila kupita kwenye lenzi. Lenzi ya milimita 18-105 (18 ni pana, 105 ni kuvuta karibu) iliyokuwa ikiuzwa na D90 inaanzia f/3.5, ya RX100 inaanzia f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana), yaani juu ya kila milimita ya sensa inapitisha mwanga karibu mara nne zaidi. Kwa hivyo ukipiga kwa upana, chumba kizima na watu wake, kamera ndogo haiko nyuma hata kidogo. Ukivuta karibu ndipo mambo yanapogeuka: RX100 inashuka hadi f/4.9, lenzi ya D90 inafika f/5.6, tofauti ya lenzi inakuwa ndogo, na sensa kubwa inabaki na faida yake.

Na D90 unaweza kuibadilisha lenzi. Tia ile ya 50mm f/1.8 ya aina ya D, ndogo, nyepesi, ya bei nafuu, na hapo kwa picha za uso RX100 haiwezi tena kuifuata. Angalia hapa wanunuzi wengi wanapoumia: lenzi hiyo haina mota yake mwenyewe. D90 ina mota ndani ya mwili wake wa kuizungusha. D40, D3000, D3100 na D5000 hazina, na juu yake utalazimika kufokasi kwa mkono picha baada ya picha. Ukiambiwa "zote ni Nikon, lenzi ni ile ile," usikubali.

Sasa majaribio yenyewe. Chaji betri zote, safisha lenzi kwa kitambaa laini, weka kamera zote zirekodi RAW (faili ghafi inayokubali kurekebishwa baadaye) pamoja na JPEG, na tafuta stuli ya kuziweka ili mkono usitikisike. Weka pembe ile ile ya kuona: 18 kwenye lenzi ya D90 inakaribiana na mwanzo wa RX100, na 70 inakaribiana na mwisho wake. Ukizilinganisha moja imevuta na nyingine haikuvuta, hutajua unalinganisha nini.

Tulianza na hina. Binti alikuwa amepakwa siku mbili kabla, kwa hivyo alikaa dirishani, mkono juu ya mto mweupe, saa nne asubuhi, na mimi nikapiga. RX100 inakaribia hadi sentimita 5, lakini hapo tu ambapo hukuvuta kabisa. Kwa umbali huo kidole cha mbele kilikuwa kinono kama ndizi mkono wa tembo, na kivuli cha kamera kikaangukia kiganja. Nilipovuta hadi mwisho ikanitaka nirudi nyuma zaidi ya nusu mita. D90 kwenye 105 inafokasi kuanzia sentimita 45: ua moja la hina kutoka kifundo hadi ncha ya kidole likajaa fremu, vidole vikabaki na umbo lake, na ile mistari myembamba ya piko inayozunguka kucha ikaonekana mmoja mmoja. Kwa upande wa ukali wa picha nzima ya mkono na mto, RX100 ilikuwa mbele kidogo, nami nasema wazi. Lakini mteja wangu hanunui mto.

Mnapotazama picha, msizikuze kila moja hadi asilimia mia kwenye skrini. Ile yenye pikseli nyingi itakuzwa zaidi na chembechembe zake zitaonekana nyingi kuliko zilivyo. Punguza kubwa iwe na upana wa ndogo, au bora zaidi chapisha zote kwa ukubwa wa kazi yako na uziweke mezani. Sisi tulichapisha jozi sita, kila jozi picha moja ya kila kamera, tukamwita mama yake achague bila kujua ipi ni ipi.

Jaribio la pili lilikuwa usiku, sebuleni, taa moja ya dari, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600 kwenye zote. Hapa tazama rangi ya ngozi kabla ya kutazama chembechembe. Chembechembe kidogo mtu husamehe. Bi harusi aliyegeuka rangi ya manjano hasamehewi. D90 yangu ikiachiwa ichague yenyewe rangi ya mwanga chini ya balbu ya zamani huleta umanjano. Dawa yake ni kupima mwanga kwa karatasi nyeupe kabla ya sherehe, dakika moja tu, au kurekebisha kwenye RAW baadaye. RX100 ilikaribia zaidi bila kuguswa.

Kisha washa flashi, maana ndipo kazi yetu ilipo. RX100 ina flashi ndogo inayochomoka juu, na unaweza kuivuta nyuma kwa kidole ielekee dari. Kwa mtu aliye hatua mbili mbele yako na dari nyeupe ya chini, inatoa mwanga mzuri ajabu. Ukumbini haifiki popote. Wala RX100 hii ya kwanza haina mahali pa kupachika flashi nyingine. D90 inapokea flashi kubwa juu yake. Mimi natumia SB-600, na flashi ya D90 yenyewe inaweza kuiamrisha ile kubwa bila waya ikiwa pembeni mwa chumba. Katika nyumba za Mji wa Kale, dari ni ya boriti, iko juu na ni nyeusi, na ukielekeza flashi huko mwanga unamezwa wote. Mimi huigeuza ubavuni, kwenye ukuta wa chokaa. Chokaa haing'ai kama rangi ya mafuta. Mwanga unarudi mpana na laini, kana kwamba umefungua dirisha usiku, na shanga za mkufu hazipigi alama nyeupe kifuani. Picha hiyo haitoki kwenye kamera ndogo, na kwangu ndiyo sababu kubwa ya kubaki na DSLR ya zamani.

Jaribio la tatu: mwambie mtu atembee. Bi harusi hutoka mlangoni akaenda jukwaani mara moja tu, vigelegele vimejaa, na hutamwambia arudie. Binti alitembea ushoroba wa nyumba yangu mara kumi, mara tano kwa kila kamera, taa zimepunguzwa. D90 kwa pointi ya katikati ilimshika mara nne. RX100 ilimshika mara mbili. Kwenye giza husitasita, huwasha kijitaa chake cha rangi ya machungwa, na mtu keshapita. Usihadaike na maneno ya "picha 10 kwa sekunde": kwa mwendo huo RX100 hufunga fokasi kwenye picha ya kwanza, na mtu anayekujia hatoki mkali katika zinazofuata.

Betri sikuhitaji kuzijaribu tena, somo lilishanifika. Kuna kupamba moja nilikwenda na ndogo peke yake kwa sababu mgongo uliniuma, na betri ya akiba nikaiacha kwenye chaja. Kwa kipimo cha watengenezaji RX100 hutoa picha kama 330 na D90 kama 850. RX100 yangu ilizima mama mkwe akimvisha bi harusi mkufu. Nilisimama na kamera iliyokufa mkononi, na picha ile katika albamu ya yule mwanamke haipo mpaka leo. Jema la RX100 ni kwamba inachajiwa kwa waya wa USB, hata kutoka kwenye pawabenki, lakini si katikati ya kazi.

Mahali ndogo inaposhinda bila ubishi ni palipo na utulivu. Maulidi yakisomwa, kioo cha D90 kinagonga na vichwa vinageuka. RX100 haisikiki kabisa. Bibi aliyeona haya mbele ya lenzi kubwa, kwa ndogo huendelea kufunga vikuba vyake vya asumini kama vile haupo. Na video: D90 inarekodi 720, dakika tano tu kwa mkupuo, na fokasi unaishika kwa mkono, RX100 inarekodi 1080 bila kukusumbua.

Swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote ukumbini si la megapikseli wala la lenzi. Ni hili: "Dada, hiyo haina intaneti?" Hazina, wala D90 wala RX100 ya kwanza. Picha zinakaa kwenye kadi, kadi inatoka mkononi mwangu kuingia mkononi mwa mwenye harusi. RX100 ya pili, ya 2013, ina Wi-Fi. Si vibaya kuimiliki, lakini ujue utalijibu swali hilo, na ulijibu kwa ukweli.

Ukishajua unayoitaka, nenda kaikague ile unayouziwa. Beba tochi. Toa lenzi ya DSLR, mulika kutoka nyuma, utazame kutoka mbele kwa pembe: ukungu wa lenzi unaonekana kama nyuzi za buibui au kama unyoya mdogo uliogandamana na kioo. Pwani hii unyevu unaula kila lenzi inayofungiwa kabatini. Mimi niliuziwa moja dukani mchana wa jua, bila tochi, na nyumbani nikakuta nusu ya kioo cha ndani imeota. Ukiona hata uzi mmoja, iache.

Kwa D90 uliza idadi ya picha ambazo shata, yaani pazia la ndani linalofunguka kila ukipiga, imeshapiga. Imo ndani ya faili ya picha, na programu nyingi za bure huionyesha. Nikon iliijaribu shata hiyo kwa mara 100,000. Fungua menyu ya betri: umri wake umeandikwa kwa namba, 0 ni mpya na 4 imechoka. Nenda na kadi ya GB 32 au chini yake, kwa sababu D90 inapokea kadi za aina ya SD na SDHC tu, zinazokomea hapo, na ukifika na ya GB 64 huenda ukaidhania kamera ni mbovu.

Kwa RX100 iwashe na kuizima mara kumi, ukiweka sikio karibu na lenzi inapotoka. Mkwaruzo ni mchanga, na kamera iliyokwenda ufukweni huwa nao. Kisha piga ukuta mweupe kwa f/11 na utafute madoa. Vumbi la DSLR unalipuliza kwa kipulizio cha mpira na limekwisha. La kamera ndogo halitoki mpaka fundi aifungue yote.

Mama yake, katika zile jozi sita, alichagua nne za D90. Mbili za RX100 alizozichukua zote zilikuwa za chumba kizima. Binti amenunua D90 na ile 50mm, na Ijumaa anakuja Kibokoni, Mji wa Kale, kunisaidia. RX100 yangu atakaa nayo yeye mezani kwa kina bibi, na betri ya akiba nimemshonea mfuko wake ndani ya buibui.