Ukisasisha OpenSSL, washa upya na programu zinazoitumia

Juzi hapa Mji Mkongwe nimekuta seva ya nyumba ya wageni imesasishwa OpenSSL (maktaba ambayo programu nyingi huitumia kusimba mawasiliano ya mtandaoni) wiki nzima iliyopita, lakini mfumo wa kupokea nafasi za wageni bado unatumia nakala ya zamani iliyobaki kwenye memori. Ukishasasisha, andika amri hii ya Linux, inayoonyesha programu ambazo bado zimeshikilia faili la zamani la OpenSSL (libcrypto) lililokwisha kufutwa:

sudo lsof | grep DEL | grep libcrypto

Kila programu itakayotokea, izime uiwashe tena. Faili jipya liko kwenye diski, ila programu iliyokwishawaka hairudi kulisoma. Tafadhalini msilipuuze hili. Kasoro ya usalama ya OpenSSL ya Machi 2022, iliyosajiliwa kwa namba CVE-2022-0778, ilihitaji cheti kimoja tu cha kidijitali (kitambulisho cha tovuti au kompyuta) kilichotengenezwa kwa hila: programu inayokisoma inaingia kwenye hesabu isiyo na mwisho, prosesa inapanda hadi 100%, huduma inaganda. Cheti husomwa kabla saini yake haijahakikiwa, kwa hiyo mshambuliaji hahitaji hata nywila. Siri hazivuji, lakini wageni hawapati huduma. Ilizibwa kwenye matoleo ya OpenSSL 1.1.1n na 3.0.2.

Amri hiyo ya lsof haizioni programu zilizobeba OpenSSL ndani yao wenyewe. Hizo mpaka mtengenezaji atoe toleo jipya.