Somo: Kujua mguu wa mgonjwa wa kisukari unaelemewa wapi kabla kidonda hakijatokea

Wakuu habari za jioni, leo naleta somo la miguu maana wengi humu mnauguza wazee wa kisukari. Nikisema presha hapa sio ile ya damu, ni mgandamizo, yaani uzito wa mwili unapoangukia kwenye unyayo.

Mama mkubwa wangu wa Tukuyu alirudi shambani na buti za mvua, kumvua tukakuta punje ya mahindi imezama chini ya kidole gumba, kashinda nayo kutwa nzima na hana habari. Sukari ikishaharibu mishipa ya fahamu ndo inakuwa hivyo, mtu anakanyaga palepale kila siku na hamna maumivu ya kumfanya ahamishe uzito, ngozi inaota sugu, sugu nayo inakandamiza nyama ya chini, ukija kuona kidonda ujue kimeanza kitambo.

Hatua ya 1, pima ganzi. Mgonjwa alale, afumbe macho. Gusa ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho kwa kila mguu, sekunde moja au mbili, kwa ncha ya kidole chako, kugusa tu, usibonyeze wala usitekenye. Akisikia aseme. Asiposikia viwili au zaidi kati ya hivyo sita, mguu uko hatarini, mpeleke kliniki wakampime na uzi wa nailoni wa gramu 10, yaani unaogusishwa unyayoni mpaka upinde kwa mgandamizo wa gramu 10.

Hatua ya 2, tafuta sugu. Osha, kausha mpaka katikati ya vidole, pitisha macho na mkono unyayo mzima. Penye sugu ndo penye mzigo. Ukiona weusi wa damu iliyovilia ndani ya sugu, hospitali siku hiyohiyo jamani, msingoje gulio lipite.

Hatua ya 3, kiatu. Jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, asimame peku juu ya boksi, chora mguu, kata, tumbukiza hilo boksi kwenye kiatu. Likikunjika kiatu kinambana.

Mashine zenyewe zipo, soli yenye sensa inawekwa ndani ya kiatu mtu akatembea, kompyuta inaonesha panapoelemewa. Kwa aliyewahi kuugua kidonda chini ya unyayo wanalenga presha ya hapo isizidi kilopaskali 200 (kipimo cha mgandamizo) au ipungue angalau asilimia 30.

MASWALI

Dada shikamoo, baba ana sugu kubwa, nikwangue na wembe?
— Marahaba mdogo wangu, hapana kabisa, wala dawa za kuunguza sugu usipake. Apunguzwe na mtaalamu, mzigo unashuka palepale.

Nipo Makete, baridi ya huku mnaijua, bibi anaota moto miguu kila jioni.
— Mtoe motoni leo, mguu wenye ganzi unaungua na yeye anapiga stori. Mvalishe soksi za sufu zisizobana.

Mzee kasikia vyote sita, basi tena?
— Hapo vizuri, ila kliniki wampime kila mwaka, na miguu mwangalieni kila siku.

Mama ana kidonda kidogo chini ya kidole gumba ila anasema hakiumi, anaendelea na shamba la viazi.
— Mkuu hapo kwenye hakiumi ndo pananitisha. Asikanyagie huo mguu, funika na kitambaa safi, tafuta bajaji umpeleke hospitali sasa hivi.