Mambo ya kuzingatia kabla ya msimu wa hewa chafu

Moshi unaotoka kwenye magari, viwanda na majiko ya mji mmoja hautofautiani sana kati ya Jumanne na Jumatano, lakini hewa inayovutwa siku hizo mbili huweza kuwa tofauti kabisa, kwa sababu jambo linaloamua ni kama moshi huo umepata njia ya kuondoka. Kwa hiyo anayetaka kujiandaa aanze kwa kulichunguza umbo la ardhi anapoishi na majira yanayokaribia, ndipo afikirie barakoa na vifaa vingine.

La kwanza ni kujua kama unaishi bondeni, mteremkoni au mahali palipo wazi. Kwa kawaida hewa hupungua joto kadiri unavyopanda, kwa wastani wa nyuzi 6.5 za selsiasi kwa kila mita 1,000, na hewa ya chini iliyopashwa joto na ardhi hupanda ikiuchukua moshi. Usiku wa baridi usio na mawingu wala upepo, mambo hugeuka: ardhi hupoa upesi, hewa iliyoigusa huwa nzito, ile ya miteremkoni huteremka na kujikusanya bondeni, na hewa yenye joto zaidi hukaa juu yake kama mfuniko wa sufuria. Dalili yake huonekana kwa macho. Alfajiri, moshi wa bomba hupanda kidogo, kisha hufika mahali ukalala na kutambaa kando kwa usawa mmoja, bila kupanda tena mpaka jua litakapoipasha ardhi joto.

Asidhani mtu kwamba hatari hii ni ya miji iliyozungukwa na milima mirefu peke yake, kama Mexico City. London haina milima ya namna hiyo, lakini mwezi Desemba 1952 hewa tulivu ilizuia moshi wa makaa ya mawe juu ya jiji kwa takriban siku tano. Makadirio ya kwanza yalitaja vifo vipatavyo 4,000, na watafiti wa baadaye wakafikisha takriban 12,000.

La pili ni kalenda. Mvua huosha vumbi na chembechembe nyingi, kwa hiyo majira ya ukame hudai maandalizi zaidi, hasa yanapokutana na uchomaji wa mashamba. Kaskazini mwa India, mabua ya mpunga huchomwa Oktoba na Novemba, wakati upepo unapoanza kutulia na baridi kuingia. Afrika Magharibi hupokea vumbi la Sahara kati ya Novemba na Machi. Sehemu za pwani hunufaika na upepo wa baharini, ingawa upepo huohuo huweza kuusukuma uchafu wa mji hadi bara.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea, nalo ni saa ya kutoka nje. Ushauri wa kufanya mazoezi alfajiri ni mzuri siku za joto kali, kwa kuwa gesi ya ozoni hutengenezwa na mwanga wa jua unapokutana na moshi wa magari na mivuke ya mafuta, na kwa kawaida hufikia kilele alasiri. Katika majira ya baridi, ushauri huohuo huweza kumpeleka mtu nje saa ileile ambayo moshi umebanwa chini kuliko wakati wowote.

Fuatilia pia vipimo vya kituo kilicho karibu, ukikumbuka kwamba kituo cha kilimani hakisemi yote kuhusu bonde lililo chini yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza kwamba wastani wa saa 24 wa chembechembe laini, zile zisizozidi mikromita 2.5, usipite mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo. Kitambaa hakizizuii vya kutosha. Tafuta mapema barakoa za N95 au FFP2, yaani zilizoundwa kuchuja chembechembe laini, na uhakikishe zinashika uso pande zote, kwani ndevu huacha mianya. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya msimu, awe na dawa za kutosha, na ajue dalili zinazomtaka aende hospitali mara moja.

Chagua chumba kimoja chenye madirisha machache ambacho familia itakitumia siku mbaya, na uzibe nyufa zake. Kama kuna mashine ya kusafisha hewa, iwe na kichujio cha HEPA, yaani kile kinachonasa chembechembe laini, na isiwe ya kuzalisha ozoni. Jiko la mkaa au la kuni lisiwashwe kamwe ndani ya chumba hicho, hata kwa baridi kali, kwa sababu gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.